Utetezi Ulionitosha

Usiku wa kuamkia siku ya kesi yangu niliota nimefika mahakamani mapema kuliko hakimu, nimevaa suti yangu ya harusi, na karani akanizuia mlangoni kwa sababu sikuwa nimevaa utetezi.

Nilimwonyesha suti. Akaishika kola kwa vidole viwili, akasema hiyo ni suti tu. Humu ndani mshtakiwa haingii bila utetezi, kama padri asivyopanda altareni bila kanzu. Akanielekeza nje kwenye turubai.

Kabla sijaendelea na ndoto ni bora nilitaje kosa lenyewe, maana nikilificha hapa nitakuwa nimeanza vibaya. Naitwa Leodigari Kihwele, dereva wa pikapu ya kubebea mbao, miaka kumi na tisa barabarani. Mwezi wa tatu nilimpeleka mama mkwe wangu hospitali akatolewe mtoto wa jicho. Foleni ikawa ndefu, nami nikaenda kumsubiri kilabuni, mahali wanapouza ulanzi.

Kwetu Iringa ulanzi tunaugema kwenye mianzi. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, unaitwa mtogwa, na hata watoto wanapewa. Lakini hautulii. Kadiri jua linavyopanda unazidi kuchacha, na ikifika jioni umekuwa mkangafu, mkali wa kumlaza fahali. Mimi nilianza saa nne, nikinywa mtogwa kwa adabu. Mama alitoka hospitali saa kumi. Kati ya saa hizo sikuhama kwenye benchi, wala sikuweka kikombe chini.

Mama mkwe wangu, Bibi Anyesi, hakai kiti cha mbele pamoja nami. Katika ukoo wetu mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na chumba anacholala mmoja mwingine hakikanyagi. Kwa hiyo siku ile, jicho moja likiwa limefungwa bandeji, alipanda nyuma kwenye bodi ya pikapu, akakaa juu ya gunia, kwa kunistahi. Nilipoliingiza gari mtaroni, mimi niliyefunga mkanda nilitoka mzima. Yeye alirushwa, akavunjika mfupa wa bega. Mtu mzima aliyekuwa ananipa heshima ndiye niliyemvunja, na tangu siku hiyo nikisikia anakohoa uani natamani ardhi inimeze.

Trafiki walinipulizisha kidude chao cha kupima ulevi, kikatoa namba ambayo sipendi kuitaja. Nikipatikana na hatia, leseni inakwenda, na kazi inaifuata. Bwana Fabiani, aliyewahi kuwa karani wa mahakama na siku hizi anakaa nje ya geti akishauri watu, alinipangia mambo. Kana kila kitu, aliniambia, halafu mama mkwe aje aseme ulikunywa mtogwa tu, na kwamba ng'ombe alikatiza barabara.

Nilimtuma mke wangu, Editruda, akamwulize mama yake. Jibu likaja kabla ya chakula cha mchana: mwambieni baba asihofu, nitasema ng'ombe. Nami, mwanamume mwenye ndevu, nikala ugali wangu wote.

Basi, ndoto.

Nje ya mahakama Bwana Fabiani ametandika turubai, na juu yake kuna rundo la tetezi za mitumba. Nyingine bado zina jasho la waliozivaa. Ananitazama mabega, anachambua, ananirushia koti la kijani linalonuka mnanaa.

Nilipotia mkono wa kwanza koti likaanza kusema lenyewe, kwa sauti yangu kabisa. Mheshimiwa, likasema, sikunywa pombe, nilisukutua mdomo kwa dawa yenye spiriti.

Nikaliuliza ikiwa hayo yanatosha.

"Yanatosha," likasema. "Sasa sukutua."

Bwana Fabiani akanikabidhi ndoo iliyojaa dawa. Alieleza kwamba kwa namba niliyopuliza ndoo moja ni ya kuanzia tu, na kwamba ndoo nyingine tano zingekuja na punda. Nilisukutua hadi mashavu yakachoka. Punda alipotokeza kwenye kona nikavua koti.

Akanipa sweta la dawa ya kikohozi. Nililivaa, nikakohoa. Nilikohoa kikohozi kirefu ambacho si changu, cha mzee fulani mvutaji, na kila nilipotaka kusema neno kikohozi kilitangulia. Bwana Fabiani alisema kwa fahari kwamba aliyelivaa mwaka juzi bado anakohoa, lakini yuko huru. Nilimwomba alivute kupitia kichwani. Lilitoka na nywele zangu chache.

"Wewe unachagua sana," akasema, "kwa mtu aliyepatikana mtaroni."

Ilikuwa kweli. Nikachukua mwenyewe shati jeupe lililokunjwa vizuri. Lilikuwa na karatasi iliyobanwa kifuani: *Si mimi niliyekuwa naendesha*. Nilipofunga kifungo cha mwisho Bwana Fabiani aliacha kuniona. Akaanza kupiga mluzi na kupanga bidhaa zake.

Hapo ndipo mke wangu anafika. Amebeba chupa ya uji na kikombe changu cha bati. Anaangaza macho huku na huku, anapita mbele yangu kiasi cha kunigusa, anamwuliza Bwana Fabiani kama amemwona Leodigari. Bwana Fabiani anasema hapa hakuna mtu. Ninamwita kwa jina. Anasimama, anasikiliza, anaona ni upepo, anarudi nyumbani na uji wake.

Nilililia shati lile linitoke. Viatu vyangu viliulizana huko chini huyu tuliyembeba ni nani, na cha kushoto kikasema hakijui, kiliazimwa tu. Niling'oa vifungo vyote, nikaonekana tena, lakini Editruda alikuwa ameshakata kona.

Utetezi wa nne ulikuwa suruali nzito inayosema kwamba gari lilikuwa limesimama. Niliivaa, miguu ikagoma. Nikajaribu kupiga hatua, nikabaki pale. Bwana Fabiani akasema hiyo ndiyo sifa yake, ukiwa ndani ya suruali hiyo husogei, ni wengine wanaokujia. Nikageuka kuangalia ni nani anayenijia, nikauona mtaro.

Mtaro ulikuwa umekaa kwenye benchi la mashahidi, mrefu, wenye maji kidogo na ganda la ndizi, umeshika karatasi ya wito. Ulikuwa umekasirika. Uliniambia umekaa mahali pake tangu ulipochimbwa, haujawahi kuondoka hata kwa msiba, na leo kwa mara ya kwanza umelazimika kutembea mpaka mjini ili tu useme kwamba hautembei.

"Ulinikuta," mtaro ukaniambia. "Sikukufuata."

Nikauomba radhi. Ulinyanyua ganda la ndizi kidogo, kisha ukatazama pembeni.

Chini kabisa ya rundo kulikuwa na kijikoti cha uzi, cha mtoto mchanga, cheupe, chenye kofia. Kilikuwa laini na kilinukia utamu wa mwanzi uliokatwa alfajiri. Bwana Fabiani akapunguza sauti. Huu ndio utetezi wa mtogwa, akasema. Ulikunywa kitu cha watoto. Kilikuwa kitamu kikombeni, kikachachia tumboni, na mtu hawezi kushtakiwa kwa yanayotendeka ndani ya tumbo lake bila idhini yake.

Kijikoti kilifika kwenye viwiko tu, kofia ikakaa utosini. Hata hivyo karani alinitazama, akasogea, akanifungulia. Niliingia mahakamani nimevaa nguo za mtoto wa miezi sita, na watu wote waliokuwa humo walinijua. Kulikuwa na mwalimu aliyenifundisha udereva, na katekista, na mama muuza ulanzi mwenyewe, ameleta kibuyu asije akaishiwa. Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama mmoja wao angecheka.

Shahidi wa kwanza ni kidude cha kupima ulevi. Kinapanda kizimbani taratibu, kimevaa miwani. Mwendesha mashtaka anakiuliza kama kinanifahamu.

Kikasema kinanifahamu kwa pumzi tu, na kwamba hakina ubaya nami. Nilikipulizia, kikasoma. Hakimu, mama mmoja mpole aliyekuwa akifuma kitambaa, alitaka kujua kama chenyewe kimewahi kupimwa. Kidude kikajibu kwamba kilipimwa Jumatatu, na aliyekipima alipimwa Jumapili, na kikaongeza kwamba kama mshtakiwa angepuliza wimbo wa kanisani kingeandika wimbo. Kikavua miwani, kikajifuta, kikashuka.

Kisha karani akaita jina la tumbo langu.

Sikujua kwamba lina jina. Liliitwa kwa jina la ubatizo, likatoka chini ya kijikoti, likatembea mpaka mbele, nami nikabaki nimekunja mikono palipokuwa tupu. Liliapa kwa unyenyekevu. Lilikuwa na sauti ya mtumishi aliyekaa nyumba moja muda mrefu na kuona mengi.

"Kikombe cha kwanza kilikuja kitamu," tumbo likasema. "Cha pili kitamu. Cha saba kilikuja tayari kikali, na vilivyofuata vyote ni mkangafu, mheshimiwa. Mimi ni mfuko. Napokea."

Hakimu akaliuliza ikiwa lilimwonya mshtakiwa.

"Nilimwonya. Saa tisa nilimrudishia kidogo, nyuma ya choo. Alijifuta kwa jani la mgomba akarudi kwenye benchi."

Hilo nilikuwa nimelificha hata kwa mke wangu. Nilitazama sakafu. Saa ya ukutani ilikuwa inasonga haraka, na kijikoti kilichokuwa na harufu tamu saa nne kikaanza kutoa povu kwenye vifungo. Saa nane kikavimba. Saa tisa mshono wa mgongoni ukaachia kwa kishindo, na mahakama nzima ikanuka kilabu. Mama muuza ulanzi akaonja povu kwa kidole, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema wala huo si mtogwa.

Tumbo lilirudi mahali pake bila kunitazama. Nilibaki nimevaa kofia tu.

Karani akauliza kama mshtakiwa ana utetezi mwingine. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikasema nina shahidi.

Nilipotamka hivyo mahakama iliwasha injini. Tuko barabarani. Mahakama ni bodi ya pikapu yangu, hakimu amekaa juu ya tairi la akiba na kitambaa chake, watu wameshikilia vyuma, na kizimba changu ni kiti cha dereva. Mkanda umenifunga vizuri. Ninaona yanayotendeka nyuma kwa njia ya kioo tu. Mama mkwe anasimama katikati ya bodi, jicho moja limefungwa, mkono wa kushoto umening'inizwa kwenye kitenge kilichobanwa begani kwa pini.

Hakujishikilia popote, kwa kuwa mkono mzima alikuwa ameunyanyua kula kiapo. Nilijaribu kupunguza mwendo. Usukani ukaniambia wenyewe hugeuka ukigeuzwa, mambo ya mwendo nimwulize mguu wangu. Mguu ukasema uliambiwa ukanyage.

Mama akaanza kusema. Alisema mkwe wake ni kijana mwema. Alisema alikunywa mtogwa. Kisha akasema:

"Ng'ombe alikatiza barabara."

Ng'ombe akapanda kwenye bodi. Alikuwa na pembe, kwato na mkia, ila hakuwa na rangi, kwa sababu mama hakuwa ameitaja. Ukimtazama uliona mlima ulio nyuma yake. Alisimama kando ya mama kwa heshima.

"Mimi sikuwepo, mama," ng'ombe akasema. "Lakini kama unasema nilikuwepo, nitasimama hapa."

Hakimu akauliza ng'ombe ana rangi gani. Mama akafungua mdomo. Nilimwona kwenye kioo akitafuta. Katika maisha yake yote sidhani kama aliwahi kudanganya hata uzito wa kuku, na sasa, kwa uzee wake na jicho lake moja, anasimama mbele ya wakwe na katekista akimtafutia rangi mnyama asiyekuwepo. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wasemavyo. Mimi nilikuwa nimelichuma peke yangu, na yeye ndiye aliyekuwa anatafuna.

Ningeweza kupaza sauti pale. Kioo kilikuwa karibu na mdomo wangu, na kikaniambia hivyo. Sikupaza.

"Haidhuru rangi," hakimu akasema, akihesabu vitanzi vya uzi. "Utetezi unakubaliwa. Mshtakiwa auvae."

Nikauliza uko wapi.

"Ameuvaa yeye," karani akasema, akaonyesha kitenge.

Gari linasimama. Niko nyuma, kwenye bodi, mbele ya mama mkwe wangu, karibu kuliko nilivyowahi kuwa katika miaka kumi na minne ya ndoa. Yeye anageuza uso pembeni kama desturi inavyotaka. Mimi nageuza wangu. Watu wote wanageuza nyuso zao ili kutusitiri, hata ng'ombe. Vidole vyangu vinaitafuta pini begani pake. Inagoma. Anainua mkono wake mzima, ananisaidia kuibonyeza.

"Chukua, baba," akasema. "Mimi nimeshazoea."

Pini ikafunguka. Kitenge kikaachia, na mkono wake ukaanguka ubavuni kwa uzito wake wote. Hakulia. Alivuta pumzi tu. Mimi nikakivaa kitenge shingoni, mkono wangu mzima nikauweka ndani, na kati ya tetezi zote nilizojaribu siku hiyo huo ndio ulionitosha. Ulinikaa bila mkunjo. Karani akapiga makofi mara mbili, akanitangaza kuwa huru, na watu wakaja mmoja mmoja kunipa pole ya bega.

Nilipokea pole zote. Katekista aliponiinamia kunipa ya kwake, niliamka.

Kulikuwa kumekucha. Editruda alikuwa ameshaamka, namsikia akipuliza moto jikoni. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi, na ndani yake kitu kilikuwa kinanichoma. Nilifungua kidole kimoja kimoja. Ilikuwa pini, iko wazi, na chini yake tone la damu.

Tangu atoke hospitali mama mkwe analala kwetu, chumba cha uani, ng'ambo ya jiko. Sijawahi kukanyaga kizingiti chake. Mchana napita kwa upande wa pili wa ua ili nisiuone hata mlango. Nilikuwa bado nimekaa kitandani na ile pini kiganjani niliposikia sauti yake.

"Editruda, umeichukua pini yangu? Nililala nayo begani."

Editruda akasema hajaiona, labda imeangukia kwenye shuka. Nikasikia shuka ikikung'utwa. Nikasikia mama akivuta pumzi, ile ile.

Nilivaa shati. Nilikatiza ua moja kwa moja, nikasimama kando ya mlango wake, pale ambapo yeye hanioni nami simwoni. Mke wangu alinikodolea macho kutoka jikoni, kijiko mkononi. Niliiweka pini juu ya tofali la kizingiti. Nilikuwa na aibu ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwenye nguo za mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu sikutafuta pa kuificha.

"Mama," nikauambia mlango. "Pini iko hapa. Na hapakuwa na ng'ombe. Nilikunywa mpaka jioni, nikakuvunja bega. Leo nikiulizwa nitasema ni kweli. Wewe usiseme neno."

Editruda aliweka kijiko chini. Kisha kitanda kililia, mtu akakaa taratibu.

"Asante, baba," mama mkwe akasema. "Nimekesha namtafutia rangi."